Tanga la Bibi Mwatumu

Hapo zamani, si zamani sana, maana bibi mwenyewe bado yupo, palikuwa na vijiji viwili, Kisima na Ng'ambo, na katikati ziwa la chumvi. Kiangazi ziwa hukauka, likabaki tambarare gumu lenye upepo wa kung'oa kofia. Vijana wa huko hupanda ubao wenye magurudumu manne, wakashika tanga kwa mikono miwili, na upepo ukawasukuma mpaka mwisho wa ziwa. Kijiji kinachoshindwa huwapikia washindi pilau.

Kisima walishindwa kila mwaka. Mpishi mkuu wa pilau hiyo ya aibu alikuwa Bibi Mwatumu. Safari hii akasema, "Nimechoka kuwamenyea vitunguu watu wanaonicheka. Zaina mjukuu wangu, shika ufunguo. Fungua sanduku, toa kitambaa chochote, mshonewe tanga la maana."

Zaina akafungua. Juu kanga, katikati kanga, chini kabisa bafta nyeupe, pana, nzito. Akaichukua.

Akaipeleka kwa Fundi Mohoja. Fundi akainusa. Karafuu maiti! Akajua ni sanda, tena ile ambayo marehemu mume wa bibi aliileta kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Fundi akanyamaza. Hakuikata. Aliikunja tu, akaishikiza kwa nyuzi ndefu kwenye fremu ya mianzi.

Siku ikafika. Shomari, kijana wa Kisima, akapanda ubao. Fundi akamnong'oneza, "Kijana, hiyo ni sanda ya bibi. Nenda nayo taratibu."

"Shikamoo, fundi," akasema Shomari, akaondoka na upepo.

Katikati ya ziwa tanga likaanza kuchanika. Kijana wa Ng'ambo anamfuata unyounyo. Shomari angelegeza mikono, sanda ingepona. Hakulegeza. Akawa wa kwanza kuvuka mstari, tanga vipande viwili.

Vigelegele! Ng'ambo wakapika. Bibi Mwatumu akala sahani mbili, akalalamika chumvi imezidi, akaongeza ya tatu. Aliporudi nyumbani akafungua sanduku aweke kanga yake. Tukasikia kilio.

"Mume wangu alikubali kuzikwa na bafta ya dukani ili hii ibaki yangu! Sasa nitamwendea na nini?"

Tukakaa kikao. Zaina akasema, "Bibi mwenyewe alisema chochote. Na harufu ya maiti mimi naijulia wapi?"

Fundi akasema, "Nilinyamaza, sikatai. Lakini sikuikata. Nyuzi zingefumuliwa, sanda ikarudi sandukuni. Mimi sikuirarua."

Shomari akasema, "Niliirarua, sikatai. Ningelegeza, bibi angekuwa anamenya vitunguu saa hizi. Na zile sahani tatu alikula nani?"

Bibi akamtazama. "Hilo la sahani liacheni."

Tukakubaliana: mwenye kosa alete sanda nyingine. Hapo kila mmoja akarudi nyuma. Kumnunulia sanda mtu aliye hai, si ni kumwambia kafe?

"Ikija, nitalala," bibi akasema. "Isipokuja, nakaa. Siendi kwa mume wangu hivi hivi."

Basi akakaa. Homa ikaja, akaikataa. Wa rika lake wakaondoka mmoja mmoja, yeye yupo mlangoni, anasubiri. Sasa amekonda, pilau haigusi tena, na kila asubuhi anauliza kwa sauti ndogo, "Zaina, mmeshampata?"

"Bado, bibi. Bado tunabishana." Kisha Zaina anaingia ndani kulia.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu. Msiniambie upepo. Jana mmoja alisema upepo, nikamtoa nje. Je, nani alete sanda: aliyetoa ufunguo, aliyechukua, aliyenyamaza, au aliyekataa kulegeza? Fikirini vizuri, ndugu zangu, wala msiwe na haraka.