Pimbi na Orodha Nzito ya Kiboko

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitika kama mmeshika maji mdomoni. Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na bwawa.

Nani kanywa?

Tulieni nimlete, na msimcheke kabla sijamaliza.

Basi hapo kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikuwepo, palikuwa na bwawa lenye lango. Langoni alisimama Kifaru. Kifaru macho yake mnayajua, haoni vizuri hata pua yake mwenyewe. Kwa hiyo hakufuata sura ya mtu, alifuata jina lililosomwa kwenye orodha. Likisomwa jina la Digidigi, anafungua kwa Digidigi. Likisomwa jina la Nyati, anafungua kwa Nyati. Lisiposomwa jina, hafungui, hata umlilie mpaka upaliwe.

Na zamu zilikwenda kwa desturi yao: wadogo kwanza, wakubwa mwisho, ili aliye mdogo anywe maji kabla hayajavurugwa. Siku ya zamu yako unakunywa, unaoga, unajaza mitungi ya kukutosha mpaka zamu irudi. Wanyama walikuwa thelathini na tisa. Wa kwanza Pimbi, kwa ule udogo wake. Wa thelathini na tisa Kiboko, kwa lile tumbo lake.

Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bwawa, na orodha aliiweka nyumbani kwake, ndani ya kompyuta, sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ilikuwa kwenye ile programu ya vijumba vijumba, mistari inashuka chini, safu zinakwenda pembeni. Safu moja tarehe, safu moja majina. Kila asubuhi Kiboko anafungua, anatoa kichwa dirishani, anasoma jina la siku, Kifaru anafungua lango. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutazama.

Duru ya kwanza ikaenda vizuri. Pimbi akanywa, Kobe akanywa, Digidigi akanywa, mpaka kwa Kiboko. Kiboko akanywa. Kesho yake kichwa kikatoka dirishani. "Leo Kiboko." Wanyama wakatazamana. Keshokutwa, "Leo Kiboko." Siku ya tatu, "Leo Kiboko."

"Mwenyekiti," wakauliza, "duru mpya inaanza lini?"

"Orodha ndiyo inayosema. Mimi ni msomaji tu."

Siku ishirini orodha ikasema Kiboko. Na kila siku kompyuta ilifunguka kwa taabu zaidi ya jana. Kile kiduara cha kungojea kikatokea katikati ya kioo, kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka. Vrrrr, ng'ooo, vrrrr, ng'ooo. Siku ya ishirini na moja haikufunguka kabisa. Jina halikusomwa, lango halikufunguliwa, hata Kiboko mwenyewe akabaki nje, ngozi inapasuka kama ukuta wa udongo.

Sasa Pimbi. Pimbi alikuwa na watoto watatu na mtungi mmoja uliobaki na vidole viwili vya maji. Siku ya pili ya lango kufungwa kikabaki kidole kimoja. Siku ya tatu akauinamisha mtungi, ukatoa matone, tip, tip, halafu basi. Yule kitindamimba akalamba mdomo wa mtungi, akamtazama mama yake. Bora angelia.

Pimbi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Ni mimi, Pimbi."

"Pimbi yupi? Mimi sioni mtu."

"Tazama chini, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimesikia una mgonjwa mezani. Nimekuja kumtazama."

Kiboko akacheka mpaka vikombe kabatini vikagongana. "Nyani ameshindwa, utaweza wewe? Hata meza huifikii."

"Nitapanda kiti. Kwani Nyani alifanyaje?"

Nyani alikuwa ameitwa kwa sababu ana mikono. Aliizima akaiwasha, akaizima akaiwasha, mara saba. Akaipuliza nyuma, fuu, fuu, likatoka vumbi na mende mmoja. Mwishowe akaagiza ilazwe ubavu siku mbili ipumzike, akaondoka na ndizi za Kiboko. Kompyuta ilipoinuliwa ilikuwa vilevile.

Lakini Pimbi alizaliwa darini kwenye duka la steshenari, na utoto wake wote aliumaliza kwenye tundu la dari, anawatazama wale wasichana wa dukani wakichapa kazi chini. Alikuwa ameona mengi. Akapanda kiti, akapanda na kamusi juu ya kiti, akaketi.

Kwanza akafungua mchezo wa karata. Twa, ukafunguka hapohapo. Akafungua picha za harusi ya Kiboko. Twa, zikafunguka. Nguo ya bibi harusi ilikuwa hema zima, ila hayo tuyaache.

"Mashine ni nzima," Pimbi akasema. "Anayeumwa ni orodha."

"Orodha inaumwaje?"

"Ndiyo nataka kujua."

Akaibofya orodha. Vrrrr, ng'ooo. Kiduara kikazunguka. Pimbi akangoja. Kiboko akangoja. Nje Kifaru akangoja, na nyuma ya Kifaru wanyama wote wakangoja na koo zao kavu. Kiduara kikazunguka. Kiboko akachoka, akaenda dirishani kugombana na wanaomharakisha, na hapo orodha ikafunguka.

Pimbi akatazama pembeni ya kioo, kile kijiti cha kupandishia na kushushia ukurasa. Kilikuwa kidogo kama chawa. Akashangaa, maana orodha ya majina thelathini na tisa kijiti chake huwa kirefu kama mwiko. Kijiti kikiwa chawa, ujue huko chini kuna mambo. Akabonyeza vile vitufe viwili vya kukupeleka mwisho wa yote. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikamtua chini kabisa, pale ambapo mistari yenyewe inaisha.

Mstari wa milioni moja na arobaini na nane elfu na ushei. Jina, Kiboko. Juu yake, Kiboko. Juu ya huyo, Kiboko. Kiboko, Kiboko, Kiboko, kila mmoja na tarehe yake, kila mmoja kapakwa rangi ya zambarau.

Mkewe ndiye aliyekuja kuyasema baadaye. Kumbe siku ile zamu yake ilipokwisha, Kiboko alivishika vijumba viwili, cha jina lake na cha tarehe, kwenye ile pembe ya kunakilishia, akaviburuta chini ajiongezee siku mbili tatu. Alikuwa ametoka kula. Usingizi ukampitia na mkono ukiwa palepale, akaburuta mpaka alasiri. Alipoamka akaona jina lake limefika mwisho wa dunia. Akalitazama, akaliona limependeza, akalipaka rangi.

Pimbi akapiga hesabu ya tarehe. Zamu yake ingerudi baada ya miaka elfu mbili na mia nane na ushei.

Akamtazama Kiboko mgongo, pale dirishani. Akawaza, nikiyafuta, atanitoa nje kwa kisogo na kuyaandika upya. Nikipiga kelele, atakalia kompyuta, na ikikaliwa na huyu hapana orodha tena. Lazima mkono uwe wake, na masikio yawe ya watu.

"Mwenyekiti, nimeuona ugonjwa."

"Sema."

"Wamo waliojiandika zaidi ya mara moja."

Nanyi mngedhani Kiboko atashtuka. Wala. Kiboko zile siku zake aliziona haki yake. Mwizi kwake ni mtu mwingine siku zote.

"Nilijua," akasema. "Ni Ngiri. Yule tangu zamani simwamini. Waondoe."

"Mimi ni nani niwaondoe watu, Mwenyekiti? Kitufe cha kuondoa wanaojirudia kipo, lakini kitabonyezwa na mwenye cheo. Tena watu wasikie, wasije wakasema umewaonea."

Hilo la mwenye cheo likamwingia Kiboko mpaka kwenye mafuta. Akatoa kichwa dirishani, akaguta mpaka ndege wakaruka. "Sikilizeni nyote. Orodha imejaa wezi. Wamo waliojiandika mara nyingi, ndiyo maana imekuwa nzito. Leo nawaondoa kwa mkono wangu mwenyewe. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Ngiri alitazama kwato zake, maana hata asiye na kosa mambo kama hayo humtia jasho.

Pimbi akakifungua kile kisanduku cha kuondolea. Kulikuwa na tiki mbili, moja ya tarehe, moja ya majina. Tarehe zilikuwa tofauti kila mstari, na zikibaki hapo, hakuna atakayeonekana amejirudia. Pimbi akaitoa tiki ya tarehe, polepole. Ikabaki ya majina peke yake.

"Tayari, Mwenyekiti."

Kiboko akaweka kidole. Kidole kikasita. "Ngoja kwanza. Hiki kitufe hakiwezi kunigusa na mimi?"

Pimbi akapaza sauti ifike nje. "Kwani wewe mwizi, Mwenyekiti?"

Nje masikio yote yakageukia dirishani. Hata nzi walitua.

"Mimi? Mwizi? Una adabu wewe?"

"Basi tunachoogopa nini?"

Kiboko akabonyeza. Ka!

Vrrrr. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ng'ooo. Kikazunguka. Kompyuta ikapumua kama mtu aliyetua mzigo, fyuuu, na maandishi yakatokea. Pimbi akayasoma kwa sauti, neno kwa neno: yaliyojirudia na kuondolewa, milioni moja, arobaini na nane elfu, mia tano thelathini na sita. Yaliyobaki, thelathini na tisa.

Wanyama wakaguna. Kifaru, mtu wa maneno machache, akasema, "Huyo mwizi ana bidii."

Kiboko akaitazama orodha. Zambarau yote imekwenda, kabaki mmoja chini kabisa, na tarehe yake ya siku ishirini na tatu zilizopita. Akamwinamia Pimbi sikioni. "Rudisha," akanong'ona.

"Inarudishika," Pimbi akasema, akageukia dirisha. "Jamani, Mwenyekiti kwa huruma zake anauliza, kama kuna aliyeondolewa na anataka kurudishwa, ajitaje jina. Arudishwe sasa hivi."

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo wote mnaoujua. Akautazama umati. Umati ukamtazama. Akaufunga.

"Hakuna," akasema.

"Basi hifadhi, Mwenyekiti."

Akahifadhi. Pimbi akaifunga orodha, akaifungua tena mbele ya macho yake. Twa. Hata kiduara hakikupata nafasi ya kutokea.

"Imepona," Pimbi akasema. "Duru ya kwanza imeishia kwako, kwa hiyo leo tunaanza juu. Wasomee."

Kiboko akatoa kichwa dirishani. "Leo," akasema, "leo Pimbi."

Kifaru akavuta lango, kriii. Pimbi akashuka kwenye kamusi, akashuka kwenye kiti, akaaga kwa adabu zote, akawafuata wanawe. Maji yalikuwa yametulia, hayajaguswa. Yule kitindamimba akatumbukiza kichwa chote, akanywa mpaka akakohoa, akainuka, akaanza kumrushia maji dada yake.

Na Kiboko? Mkutano uliofuata alihutubia muda mrefu namna alivyowafagia wezi milioni moja kwa kidole kimoja. Alipigiwa makofi, na Pimbi ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Kisha akarudi nyumbani kujipaka matope makavu, akihesabu siku thelathini na nane.

Sasa shikeni funzo, nisije kulaumiwa kwamba nawasimulia upuuzi. Wanangu, kudanganya ni kubaya, hasa kudanganya kwa kurudia. Ukijiandika mara moja pasipo pako, kompyuta itakuona mtu mwema na kukuacha ulipo. Na mkichagua kiongozi, mchagueni mlafi mwenye kujiamini, maana mwadilifu angesita kubonyeza, na Pimbi mpaka leo angekuwa anasubiri.

Hadithi yangu nimeizima, kwa kitambaa nimeifunika. Iliyokukolea nenda nayo kwenu, iliyokuchachia mwachie jirani.