Jeli Iliyopashwa Joto Kifuani

Hapo zamani, na si zamani sana, siku ya kupima mioyo ya panya kule Lushoto walikuwepo watatu: Dakta Hizza, mwenye kutafuta dawa ya moyo, Shemdoe, fundi wa mashine ya ultrasaundi, na Mwanaheri, mlisha panya. Wa nne hakuwepo. Ndiyo maana lilipotokea la kutokea, kila mmoja alimtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni.

Panya wote walikuwa na mioyo dhaifu. Kizimba cha kwanza kilipewa maji matupu, cha pili dawa. Mmoja mmoja akalazwa kwa hewa ya usingizi, akapakwa jeli kifuani, moyo ukaonekana kwenye kioo ukidunda. Asubuhi wakapimwa wa maji. Baada ya chai, wakapimwa wa dawa.

Ajabu! Mioyo ya wa maji ilidunda vizuri. Ya wa dawa ilijikokota.

"Kuna mtu kabadilisha vizimba," akasema Dakta. "Na mkurugenzi ameshasema, atakayeharibu kipimo hiki aondoke."

"Muulize mwenye funguo," akasema Shemdoe.

Mwanaheri akashtuka. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea mwanawe mchanga.

"Funguo ninazo, kaka. Lakini nimekuona ukisukuma kitu chini ya meza kwa mguu. Nini kile?"

Akainama, akavuta. Waya wa kibao cha joto wanapolazwa panya, umeungua! Akamgusa panya wa mwisho: miguu baridi kama maji ya mtoni mwezi Julai.

"Kumbe baridi ndiyo iliyowapunguzia mapigo," akasema Dakta. "Mbona wa asubuhi hawakupoa?"

"Niliwaonea huruma, Dakta. Chupa ya jeli niliipasha joto kifuani mwangu, nao nikawafunika kwa viganja. Baada ya chai nilikwenda kunyonyesha."

"Kumbe ulipendelea kizimba kimoja!" akafoka Dakta.

"Sikujua kama ni kosa. Yeye aliyeficha waya alijua."

"Nilificha kwa woga, dada. Jumanne nilimwambia Dakta kibao kimekufa. Akanijibu, 'Pima tu, bwana, wageni wanakuja.' Au siyo, Dakta?"

Dakta akafuta miwani yake, ambayo haikuwa na vumbi.

Agosti panya walipimwa upya juu ya kibao kipya. Safari hii chumbani walikuwepo wawili tu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: kati ya watatu wale, nani alistahili kukosekana?