Bi Mashavu na Kaimati za Kibibi

"Hodi, hodi! Ngano iko mlangoni!"
"Karibu, ngano, ingia!"
"Nimekuja na kilio, si kicheko. Niingie tu?"
"Ingia, tutalia nawe!"

Haya, tegeni masikio. Hapo zamani za kale palikuwa na pimbi mmoja, jina lake Bi Mashavu. Aliishi na bintiye wa pekee, Kibibi, ndani ya ufa wa mwamba. Ufa wenyewe mwembamba! Pimbi akitaka kuingia sharti abane tumbo na kushusha pumzi. Lakini ndiyo ilikuwa salama yao, kwa maana juu ya mwamba alikaa Tai, na Tai pale hapenyi.

Kila wakiingia, mama na mwana waliimba:

*Mlango wetu mwembamba,*
*Mama hupita, mwana hupita,*
*Tai hapiti.*

Ikafika sikukuu ya mavuno. Siku hiyo wanyama hutembeleana na kulishana. Bi Mashavu akajipamba, akajifukiza udi, akaaga.

Kibibi akasema, "Mama, mimi nabaki kulinda nyumba. Uniletee kaimati. Hata moja tu, mama."

"Nitakuletea, mwanangu. Usitoke nje. Na mimi sikawii, kula kwenyewe nitaonja tu."

Kuonja! Jamani, neno hilo ndilo lililommaliza.

Akafika kwa Bi Kobe. Akakuta sinia ya wali wa nazi na maharage. Akaonja, akashiba.

"Shoga, ongeza!" akasema Bi Kobe. "Au chakula changu kibaya?"

"Kitamu, shoga. Basi naonja tena." Akaonja mpaka sinia ikang'aa.

Akafika kwa Bi Nungunungu. Akakuta muhogo wa nazi, chungu kizima.

"Shoga, ukikataa chakula changu umenikataa mimi!"

"Sijakukataa, shoga. Basi naonja." Akaonja mpaka ukoko.

Akafika kwa Bi Kima. Hapo tumbo linatangulia, yeye anafuata. Nyie mnaocheka, ngojeni sikukuu ije niwaone! Bi Kima akaleta kaimati nane, zimemeta shira.

Bi Mashavu akazitazama, moyo ukamwambia: hizi za Kibibi. Alitaka kusema, "Shoga, nifungie nimpelekee mtoto." Lakini akaona haya. Watasema nini? Kwamba kwake hakupikwi? Kwamba mtoto wake ana njaa?

"Kula, shoga, mbona unazitazama tu?" akasema Bi Kima.

"Naonja," akasema Bi Mashavu. Akala moja, akala mbili, akala zote nane. Kuomba aliona haya, kula hakuona.

Akarudi alasiri, mikono mitupu. Akaimba mlangoni, akaingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakapita. Tumbo likakataa.

Akarudi nyuma, akajaribu tena. Likakataa. Akajaribu mara ya tatu, akilia. Likakataa.

Kibibi akauliza ndani, "Mama, kuna nini?"

"Nimekwama, mwanangu."

"Nitoke nikusukume?"

"La, Kibibi! Usitoke!"

Lakini Bi Mashavu aliporudi nyuma kuvuta pumzi, Kibibi alikuwa ameshatoka. Angewezaje kukaa ndani na mama yake analia nje? Akaweka mikono yake midogo mgongoni mwa mama, akasukuma.

Tai akashuka. Akamtazama mama, akamwona mzito, habebeki. Akamtazama mwana, ambaye tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Huyo alikuwa mwepesi. Akamchukua huyo.

"Mama!" Mara moja tu.

Bi Mashavu alilia hapo nje siku tatu, hali, hanywi. Siku ya nne tumbo lilikuwa limenywea, akapita mlangoni bila kujibana. Ndani akakuta jani lililonyauka, limetandikwa vizuri sakafuni. Kibibi alikuwa amelitandika awekewe kaimati yake.

Ndiyo maana mpaka leo pimbi hulia kwa sauti ya kukata maini. Msiseme ni kelele za mnyama. Anaimba:

*Mlango wetu mwembamba,*
*Mwana hupita, Tai hapiti,*
*Mama hakupita.*

Basi, wajukuu zangu, funzo ni hili. Sikukuu ikifika kuleni, furahini, mkishiba mkome. Usione haya kusema "nimeshiba", wala usione haya kusema "nifungie". Nanyi mnaopika, mgeni akisema basi, mwacheni. Mfungieni chake aende nacho, kwake kuna mtu anamngoja.

"Ngano yaaga, yataka kutoka!"
"Na itoke salama!"
"Mmeifungia nini?"
"Machozi, bibi. Na kaimati moja ya Kibibi."