Kihori cha Nyuma ya Boti

Mtu mmoja alikuwa na boti ya injini, na juu ya boti hiyo hakuwa na shaka. Shaka yake ilikuwa juu ya kihori, kile chombo kidogo ambacho watu hukimbilia boti inaposhindwa. Jina lake Lugeye. Pamoja na mdogo wake, Mafuru, alivusha muhogo mkavu baina ya visiwa vya ziwani. Ilifika siku ambayo kesho yake mke wa Lugeye, Nyabise, alikuwa avuke nao akiwa na mtoto mchanga, na ndugu hao walikuwa hawajakubaliana namna ya kukibeba kihori.

Lugeye alitaka kikokotwe kwa kamba, kwa hoja kwamba kilichokwisha kuwa majini hakihitaji kushushwa. Hoja hiyo ni ya kweli maji yakiwa shwari. Penye mawimbi, kinachokokotwa hujaa maji. Mafuru alitaka kitundikwe nyuma ya boti juu ya vyuma viwili, mawimbi yasikifikie. Hiyo nayo ni kweli, ila inajibu swali moja na kuliacha jingine.

"Kaka, hicho chako kitakufuata kama mbuzi wa mnadani," alisema Mafuru.

"Na wewe ukikifikia chako kwa ngazi, unipungie mkono."

Mafuru, mwepesi wa kazi, alishinda. Alikitundika, akakipaka rangi ya buluu: kihori, vyuma na mafundo ya kamba kwa pamoja. Na kwa kuwa katika mwalo wao kung'oa nanga na nafasi tupu ni aibu, alikijaza magunia. Kilipendeza, na waliopita walikisifu.

Asubuhi Nyabise alikuja na mtoto mgongoni, akasimama mchangani.

"Shemeji, kinavyobebwa nimekwisha kuona. Sipandi mpaka nione kinavyoshuka."

Mafundo yalikuwa yameganda kwa rangi. Kisu cha kukatia kamba kilikuwa chini ya magunia. Kamba moja ilipokatwa, kihori kilitangulia kwa pua, kikanywa maji, kikazama mahali ambapo maji hayavuki magoti. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliangua kicheko. "Jamani, mwokozi katangulia!"

Kicheko hicho kiliwafaa kuliko sifa zote za jana. Safari iliahirishwa. Ndugu walikifunga kihori upya, kikisimama kwa ubavu nyuma ya boti, ukingo wake wa chini ukiwa na bawaba za kuchomoka na ule wa juu ukishikwa na fundo moja la kuvutwa. Kilichosimama kwa ubavu hakipakiwi gunia. Fundo likivutwa, kihori hujilaza chenyewe juu ya maji. Tangu hapo, kila Nyabise alipovuka, alilivuta kwanza fundo hilo mwaloni, nao ndugu wakanung'unika kwamba anawachelewesha.

Siku moja, katikati ya visiwa, boti iligonga mwamba na ubao ukapasuka. Lugeye alikuwa akiyachota maji na kuyamwaga nje, Mafuru ameziba ufa kwa mgongo wake. Hapakuwa na mkono wa ziada ila mmoja, wa Nyabise, maana wa pili ulimshika mtoto. Mkono huo ulitosha. Wote wanne waliingia kihorini na kufika nchi kavu. Muhogo ulibaki na boti.

Siwezi kudai kwamba kihori cha kukokotwa kisingewaokoa, kwa kuwa siku ile hakikujaribiwa. Nadai lile tu lililothibitika: fundo lililofunguka penye hatari ni lile lililozoea kufunguliwa penye salama. Wewe nawe unayo imani, au kanuni, au neno uliloapa, na umelifunga nyuma ya maisha yako mahali ambapo wapitao hulisifu. Je, umewahi kulishusha majini walau mara moja, au umelipaka rangi tu?