Jina la Jiwe Lililopita

Niliwahi kuisimulia hadithi hii msibani, nikaficha kipande kimoja kwa kuwa nilimhurumia mwenye kosa. Nilipowauliza shauri mwishoni, watu wakaamua nilivyotaka mimi. Kumpindisha msikilizaji ni uongo, hata ukiupamba kwa huruma, na nimemwomba Mungu anisamehe. Leo naitoa yote. Aliye mbali asogee, na anayesinzia aguswe na jirani yake.

Katika nchi moja ya milima na baridi palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Tusekile alipewa macho. Ukiingia jikoni kwake ukasogeza kijiko kimoja tu, akirudi alikuuliza, "Nani kagusa vyombo vyangu?"

Mzee Simkoko alipewa hesabu. Ukirusha jiwe alikuambia litatua wapi, nalo lingali juu. Watoto hawakumtaka kabisa kwenye michezo yao.

Nsajigwa, kijana, alipewa mkono usiotetemeka. Alipakia ndoo ya maziwa kwenye baiskeli, akateremka mlima wenye makorongo, na maziwa yakafika bila tone kumwagika.

Tusekile aliishi peke yake juu ya kilima, kwenye kibanda cha mitambo ya kuchungulia anga. Mawe makubwa ya angani huja kimya, na nchi ilitaka kujua mapema. Usiku mitambo ilipiga picha yenyewe. Mchana yeye aliziweka pamoja, ya jana na ya leo, akitafuta nukta iliyohama. Dereva wa kumletea unga alifika mara moja kwa mwezi, akashusha mzigo injini ikiunguruma, akaondoka. Mumewe alikwisha kufa. Binti yake wa pekee alikufa kwa homa kabla hajaanza shule. Aliitwa Atupele, maana yake Mungu ametupatia.

Kwao mtu akifa, mtoto atakayezaliwa baadaye kwenye ukoo hupewa jina lake, ili jina lisilale nje. Lakini ukoo wa Tusekile ulikuwa umeishia kwake. Jina la Atupele lilikuwa nje, na kila baridi ilipopiga mama yake alilifikiria.

Siku moja akaona nukta imehama.

"Ehe," akasema. "Na wewe umetoka wapi?"

Agizo lilikuwa moja: ukiona, toa taarifa siku hiyohiyo. Tusekile akashika simu ya upepo, kisha akairudisha mahali pake. Alijua akitaja tu, nukta ile itakuwa ya watu wote, itapewa namba, naye atabaki peke yake na birika lake la chai. Akajiambia, kesho. Kesho yake akaikuta imesogea kidogo, na neno likamtoka bila kupanga: "Umeamkaje, Atupele?"

Wiki nzima akawa na mtu wa kumsalimia. Mwisho dhamiri ikamshinda, akapiga simu.

Hicho ndicho kipande nilichokificha.

Mzee Simkoko akapokea habari mjini. Alikaa na hesabu mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Alipomaliza, kwanza alivua kofia.

"Linakuja kwetu," akasema. "Sisemi karibu na kwetu. Kwetu."

Waliokuwapo wakataka lipasuliwe kwa baruti. Akawakatalia. "Ukiupasua mtungi juu ya kichwa chako, vigae vitaangukia wapi? Lisukumwe." Akawaonyesha ubavu wa kusukumia na siku ya kuanza. Kisha akaongeza, "Njia fupi imetupita juzijuzi. Tungejua wiki moja nyuma, kijana Nsajigwa angekwenda na kurudi kabla ya mavuno. Sasa itabidi azunguke. Ni miaka."

Nsajigwa, aliyechaguliwa kuendesha chombo cha angani kwa ajili ya mkono wake, akaenda kumuaga mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani.

"Utanikuta?" mama akauliza.

"Nitakukuta, mama."

"Usiniongopee, mwanangu. Nenda tu."

Akaenda. Alilifikia jiwe, kubwa kama mlima, likijigeuza polepole gizani. Akakiegesha chombo chake ubavuni mwa jiwe, akalisukuma taratibu, kama mtu anayemrudisha zizini ng'ombe mgonjwa, miezi na miezi, bila sauti ya mtu. Mkono ungetetemeka mara moja, lingemponyoka. Halikumponyoka. Likapita kando ya dunia asubuhi ya Jumapili, halikuangusha hata jani, na watu wengi hawakuinua vichwa. Aliporudi, kaburi la mama yake lilikwisha kuota nyasi.

Wakuu wa nchi wakawaita wote watatu. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akasema, "Hatuna malipo yanayowatosha. Lakini jiwe lile litazunguka hata sisi tukiwa tumesahauliwa, nalo halina jina. Mmoja wenu aseme neno juu yake. Jiwe moja, neno moja."

Mzee Simkoko akasimama. "Liitwe Ilambwe. Ni kijiji changu. Kiko chini ya bwawa, na ramani mpya hazikionyeshi. Nikifa mimi, itakuwa hakijawahi kuwapo."

"Si ungempa mjukuu jina hilo, mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Nimewaomba wanangu. Wanasema linasikika kama dawa ya mafua."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, akaketi.

Tusekile akasimama. "Liitwe Atupele." Hakuketi. Akasema yote: simu aliyoirudisha, salamu za asubuhi, wiki nzima. "Sikujua kwamba linakuja kwetu. Lakini agizo nililijua."

Nsajigwa akamgeukia.

"Wiki moja, mama?"

"Wiki moja, mwanangu."

"Wanasema mama yangu aliniita mpaka sauti ikakatika."

Tusekile angepiga magoti, lakini aliogopa kijana angelazimika kumwinua.

Nsajigwa akawageukia wakuu. "Mimi naomba msilipatie jina lolote. Jina ni la kuitwa, na lile haliitiki. Nimekaa nalo kuliko nilivyowahi kukaa na mtu. Nimelisemesha, nimeliimbia, haliitiki. Msimpe mtu yeyote kitu cha kuita bure."

Mwenyekiti akainama, akafikiri sana, akashindwa kukata shauri.

Nami nimeshindwa. Bila macho ya Tusekile, hesabu isingekuwa na cha kuhesabu. Lakini ni macho hayohayo yaliyonyamaza. Bila hesabu ya mzee, mkono ungesukuma upande wa kutuangamiza. Bila mkono wa kijana, tungebaki kujua tu saa ya kufa kwetu. Mmoja ana mtoto ambaye jina lake halina wa kulirithi, mmoja ana kijiji kisichoonekana, na mmoja ana kaburi alilolikuta limekwisha kufukiwa. Jiwe ni moja, nalo linazidi kwenda mbali.

Je, ungekuwa wewe umeketi kwenye kiti kile, ungekata shauri gani?

Mzee Simkoko amekwenda kupanda basi. Nsajigwa amekwenda kung'oa nyasi kaburini. Tusekile amebaki kwenye benchi ukumbini, mkoba mapajani, anangoja. Usinijibu mimi. Mjibu yeye. Na kama jibu lako ni hapana, nakuomba uketi karibu naye kwanza, ndipo umwambie.