Zimwi Aliyesema Karibu

Sogeeni, na anayesinzia asije akaliwa yeye!

Palikuwa na mji wa kale ufuoni, umezungushiwa ukuta, na langoni alikaa zimwi. Aliyeingia bila kukaribishwa aliliwa. Aliyekaribishwa alikuwa mgeni, na mgeni haliwi, hupikiwa.

Akaja Bi Mwanahamisi kuutembelea mji.

"Hodi!" Zimwi kimya, mate yanamdondoka.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi, wenyewe!" Kimya.

"Basi, hawapo," akasema bibi, akageuka arudi kwao.

Zimwi kuona chakula kinakwenda zake, akaropoka: "Karibu, bibi! Karibu ndani!"

Wee! Bibi akavua viatu, akajinyoosha mkekani. Zimwi akapika pilau huku analia.

Hadi leo bibi hajaaga. Jana nimepita pale, nikamsikia: "Mwanangu, pilau ya leo mbona haina chumvi?"