Siku ya Kuvuna Upepo

Nimetumiwa hii na shemeji yangu, nami nakupa kama nilivyoipata. Isome taratibu.

Mzee Mughenyi alikuwa mgane, watoto wake wote wako mjini. Kampuni ya umeme ilisimamisha mapangaboi matatu makubwa ya upepo shambani kwake, ikawa inamlipa, naye akatundika jembe. Nani angemlaumu? Mgongo ulishachoka. Kila jioni alikula peke yake huku yale mapangaboi yakivuma, hadi akazoea kuyasalimia.

Lakini kijiji chao kilikuwa na sheria: shamba lisilolimwa misimu mitatu linarudi kijijini. Msimu wa tatu ulipokwisha, akaitwa kikaoni. Hilo ndilo shamba pekee alilokuwa nalo, kwa hiyo alikwenda amejiandaa.

"Mzee wetu, umelima?" akauliza mwenyekiti, Bi Elipendo.

"Nimelima upepo," akajibu Mughenyi. "Nyie mnangoja mvua, mimi nangoja upepo. Siku nyingine unakuja, siku nyingine unaninunia. Kwani taa zenu zinawaka kwa mavuno ya nani?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa: ni kilimo! Shamba likabaki lake.

"Haya, tutajie siku ya kuvuna," akasema Bi Elipendo. "Tuje kukusaidia, kama tunavyosaidiana wote. Wewe utapika, sisi tutaimba."

 Machozi yakamtoka Mughenyi mbele za watu, mtu mzima yule.

"Hakuna siku, mwanangu. Upepo unajivuna wenyewe. Tangu nitundike jembe hakuna aliyepiga hodi kwangu. Andika kwamba sijalima."

"Baba, shamba litachukuliwa!" akasema Bi Elipendo.

"Lichukueni. Ila chini ya yale mapangaboi pana nafasi. Nigawieni kipande kidogo tu, nipande mtama, halafu mje."

Wakalichukua shamba, wakamgawia kipande. Akalima kwa mgongo wake uleule mbovu.

Siku ya kuvuna ilipofika, alipika ugali wa watu arobaini. Walikuja wanne. Mughenyi aliwapakulia mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani, akafurahi mpaka akasahau kula.

Funzo: Kazi inayokujaza tumbo bila kukuletea mtu mlangoni bado inakuacha na njaa.